Mwanamke Mwenye Kiti Kizima

Jumatatu, 7 Julai

Nimefungua mapema. Vumbi kila mahali karakanani. Nimefuta cherehani kabla ya kuigusa, kama kawaida. Viti vya hoteli ya Kibenga vimejaa hadi kwenye ukuta wa Mzee Ramadhani, jirani yangu anayepaka magari rangi. Analalamika kwamba hana pa kufanyia kazi. Kazi ipi? Mafuta hakuna mjini, magari yamelala majumbani. Nimemwambia asogeze ndoo zake.

Nadine, fundi wangu, ameshona migongo ya viti vyote vya juzi. Kwenye kona mkono wake sasa umenipita. Sijamwambia.

Ila simu. Anaitazama mno. Nikisogea anaigeuza kifudifudi mezani. Miaka yote tumekaa naye, kazini na nyumbani, hakuwa na tabia hiyo. Mtu anageuza simu kwa sababu ina kitu.

Jumanne, 8 Julai

Amekuja mwanamke na kiti. Kitenge kipya, viatu ambavyo havijawahi kuona mtaa wetu wa Buyenzi. Kiti cha sebuleni, cha mbao nzuri, kitambaa cha kijani.

Nimekigeuza. Nimekikalia. Nimebonyeza sponji, nimevuta mshono, nimetikisa miguu. Hakina kitu. Ni kizima kuliko mimi. Nimemuuliza shida iko wapi.

"Uangalie tu, mama. Mi siko na haraka."

Amekaa kwenye benchi. Mtu mwenye kiti hutazama kiti chake. Huyu hakukitazama tena. Alimtazama Nadine: alivyokata ngozi ya skai, alivyompa maji dereva mmoja mzee, alivyokunja kitenge kabla ya kuketi. Nadine amedondosha mkasi. Nadine hadondoshi mkasi.

Anaitwa Gorette, anakaa Kinanira, kule mlimani kwa wenye nafasi. Kashuka kutoka Kinanira, msimu huu ambao teksi ni ya kuomba Mungu, kuniletea kiti kizima. Siamini hata neno moja. Nimekipokea ili nione mwisho wake.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemtuma Nadine Kibenga kupima viti vya ukumbi wa juu. Alikuwa arudi adhuhuri. Karudi baada ya alasiri. Amesema mabasi hakuna. Ni kweli, mabasi hakuna. Lakini mtu aliyesimama foleni ya basi juani namjua anavyofanana. Huyu alikuwa na uso wa mtu aliyepumzika kivulini.

Jioni amepita dereva wa teksi ambaye viti vya gari lake nilivishona mimi. Kaniambia, bila nia mbaya, kwamba amemwona Nadine kwenye bustani ya hoteli. Ameketi na yule kijana wa ofisini, Thierry, anayepokea viti vyetu. Wanakunywa Fanta.

Sasa nimeelewa. Hoteli haimnunulii fundi Fanta bure. Wanataka kumchukua. Wampe mshahara na chumba cha kushonea, viti vyote vibaki ndani kwao, mimi nibaki na mabasi mabovu. Na yule mwanamke wa Kinanira ametumwa kuja kumpima kazini. Ndiyo maana alileta kiti kizima. Hakukuwa na haja ya kuharibu kiti kwa ajili ya upelelezi.

Sijala vizuri.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya swala nimerudi kwa njia ya nyuma. Nimemkuta yule Gorette kwa Mzee Ramadhani! Hakuja kwangu, kiti chake kipo kwangu, lakini amesimama kwa mpaka rangi, wamesogezeana vichwa. Nilipofika wakanyamaza.

"Karibu, Mwajuma," akasema mzee. "Tulikuwa tunaongea jua tu. Jua ni kali."

Jua! Mzee Ramadhani hajawahi kuongea jua na mtu. Anaongea mpira na kiuno chake.

Nimeingia ndani bila kuaga. Nimeharibu kipande kizima cha skai kwa hasira.

Jumamosi, 12 Julai

Asubuhi kazi za pamoja, tumefagia mtaro wa avenyu yetu wote. Mama anayeuza ndizi pale kona kanisogelea na ufagio. Amesema mgeni mmoja, mwanamke msafi, alinunua ndizi kwake akakaa kuuliza. Nadine anaamka saa ngapi? Anagombana na watu? Anakunywa? Anapoumwa nani anamuuguza? Na yule mama anayekaa naye, ni mtu wa namna gani?

Nikamuuliza alijibu nini. Akacheka akaendelea kufagia.

Hoteli gani inauliza kama fundi anagombana na majirani? Hoteli makini, nadhani. Wanataka mtu asiyewaletea fujo. Wanachunguza kama polisi.

Avenyu nzima inajua. Ni mimi tu nimewekwa gizani.

Jumapili, 13 Julai

Nadine yuko misani. Nimebaki na chai iliyopoa.

Leo nimekumbuka mambo ambayo huwa nayapita. Saidi wangu alipofariki, ndugu zake walingoja arobaini ipite. Kisha wakaniambia nyumba ni ya ukoo, na mimi sikuzaa. Walisema kwa upole sana. Ule upole ndio uliniudhi kuliko yote. Nikatoka na godoro na cherehani.

Nikapata meza soko kuu, nikashona foronya. Soko likaungua. Tulisimama pale Rohero, penye soko, wanawake wengi, tunatazama moshi, hakuna aliyelia kwa sauti. Walipotuacha tuingie nilichimba majivu kwa mikono mpaka nikakipata kichwa cha cherehani yangu. Meza yake ilikuwa imekwisha. Kichwa kilikuwa cheusi, lakini nilipolisukuma gurudumu likazunguka. Ndicho hiki ninachoshonea hadi leo.

Nikaja kwenye magereji ya hapa kuomba viti vya mabasi. Wanaume walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke ashone viti vya gari! Aliyenipa kona hii ni Mzee Ramadhani, huyu huyu anayeongea jua na wageni. Sasa wale waliocheka wananiletea viti, na wake zao wananiletea mabinti wao waone. Wanasimama mlangoni, wananionyesha kwa kidole: "Ona ule mama. Ule anajitegemea." Nakasirika wananipunguzia mwanga, lakini siwafukuzi.

Nadine alikuja hivyo hivyo, kasimama mlangoni. Alikuwa katoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Mama yake alimzika huko huko, na hapa mjini hakumkuta mtu wake hata mmoja. Aliomba maji. Akanywa, akabaki anautazama mkono wangu. Nikampa koleo ang'oe misumari, asisimame bure. Hajaondoka tangu siku hiyo. Analala chumba changu cha nyuma.

Bila yeye viti vya Kibenga havitamalizika. Huo ndio ukweli ninaoweza kuuandika leo.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeficha katoni zangu za kukatia, zile ninazolaza juu ya kitambaa kupata umbo la kiti. Zote, za viti vya gari na za viti vya hoteli. Nimezifunga kwenye shuka chini ya kitanda. Kama wanamtaka, wamchukue bila ufundi wangu.

Nadine kaziulizia. Nimesema panya wamezila. Kanitazama. Nikamwambia leo atang'oa misumari. Kang'oa misumari mchana kutwa, kazi niliyompa alipokuwa hajui kushika sindano, na hakusema kitu. Kama angegomba ningejisikia vizuri.

Jioni nimezitoa katoni, nikakata mwenyewe. Nimekata vibaya.

Jumatano, 16 Julai

Yule Gorette amekuja tena. Sikumpa nafasi ya kukaa. Nadine alikuwa kaenda kununua uzi, na nadhani mwanamke huyu aliisubiri nafasi hiyo hiyo.

Akauliza kiti chake. Nikasema bado. Akasema si kitu. Kisha akashusha sauti.

"Ule mutoto Nadine, anakuwaka namna gani? Weye ndiye unamujua."

Nikaona hapa ndipo. Nikimsifu, kesho sina fundi. Basi nikafungua mdomo.

Nikasema ni mvivu. Asubuhi namwamsha kwa maji. Mkono wake ni mbaya, mishono yote mizuri anayoiona pale ni yangu. Anakula kama watu wawili na analala mchana. Akiambiwa anajibu. Nikaona uso wa mwanamke unabadilika, nikanogewa. Nikaongeza kwamba anaumwa-umwa pia, na kwamba mimi mwenyewe namvumilia kwa sababu ya Mungu tu.

"Apana," akasema polepole. "Kweli, mama?"

Kweli tupu, nikasema.

Akaaga vizuri. Hakuchukua kiti. Nimemtazama mpaka mwisho wa avenyu, anatembea kama mtu aliyebeba ndoo imejaa. Nimeshinda. Nimepika wali na maharage, nikampa Nadine sahani kubwa.

Ijumaa, 18 Julai

Simu ya Nadine kimya. Sasa haigeuzi kifudifudi, iko wazi mezani, haiiti mtu.

Mchana nimemkuta nyuma ya viti, kakaa chini, kalaza kichwa juu ya magoti. Kasema ni vumbi la macho. Nimempa maji ya kunawa.

Hoteli imemwacha, basi. Nilichotaka ndicho nimepata. Sijui kwa nini leo cherehani inanikera kwa kelele zake.

Jumapili, 20 Julai

Hakwenda misa. Hajawahi kukosa misa, hata alipokuwa na malaria alikwenda kajifunga shuka. Kalala akitazama ukuta. Chakula kimerudi kama kilivyokwenda.

Nimeanza kushuku tena. Mtu haumwi hivi kwa ajili ya mshahara wa hoteli. Kuna kingine, na mimi sikijui. Nimekagua uso wake alipolala. Nimeona amekonda.

Jumatatu, 21 Julai

Nataka kuandika haraka kabla sijabadilisha maneno ili nionekane mzuri.

Mzee Ramadhani ameingia asubuhi, kofia mkononi. Hajawahi kuingia kwangu bila kupiga kelele kwanza. Akauliza Nadine yuko wapi. Yuko nyumbani, nikasema, anaumwa. Akakaa kwenye benchi.

"Weye Mwajuma, ule mama wa Kinanira alikuuliza juu ya mutoto. Ukamwambia nini?"

Nikamwambia nilichosema. Nilikuwa bado na majivuno kidogo. Nikamwambia hoteli imekoma.

Mzee akajishika kichwa.

"Hoteli gani? Ile ni watu wa bwana harusi! Ule Gorette ni shangazi wa Thierry. Anachunguza nyumba kabla waombe mutoto. Watu wa milimani wanafanyaka vile, wanatuma mutu kimya, anauliza mupaka muuza ndizi. Sisi wote tulimusifu Nadine. Tulijua, lakini ukiulizwa hausemi kwa wenye mutoto. Ni haya."

Kwetu sisi Waislamu wa Buyenzi mtu akitaka binti wanauliza wanaume msikitini, kisha washenga wanakuja mchana na kofia zao, kila mtu anawaona. Nimeishi mji huu maisha yangu yote. Nimeshonea watu wa kila namna. Hakuna aliyewahi kuja kuniuliza mimi juu ya binti, kwa sababu sina binti. Sasa nimeulizwa mara moja tu, na nimejibu vile.

Nilikuwa nimeshika sindano. Nimeidondosha na sijaitafuta.

Jumanne, 22 Julai

Nimemwambia mwenyewe. Nimekaa ukingoni mwa kitanda chake nikamwambia yote: mvivu, mkono mbaya, maji ya asubuhi, kula kama watu wawili. Nilidhani atapiga kelele. Nilitaka apige.

Hakupiga. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia habari za Thierry, tungeepuka balaa hili. Akasema binti hajitangazi, ni aibu, lazima watu wenyewe waulize kwanza. Halafu akasema jingine. Aliogopa ningekataa kukaa upande wa mama kwenye sherehe ya Wakristo, watu wanakunywa pombe.

"Walimuuliza Thierry, huyu binti anatoka kwa nani? Mi niliwaambia waje hapa kwako. Ningewatuma wapi, patroni? Mi siko na mutu mwengine."

Patroni, bosi, ndivyo anavyoniita siku zote, lakini sentensi hii nimeirudia tangu mchana. Kati ya milango yote ya mji huu, aliwaonyesha wangu, na mimi nikawafungulia hivyo.

Nampenda. Nimeiandika. Nilikuwa nasema ni viti vya Kibenga, lakini hata bila kiti kimoja ningefanya ujinga ule ule ili asiondoke.

Jumatano, 23 Julai

Mama wa binti haendi kwa watu wa bwana. Ataonekana anamsukuma mtoto. Mzee Ramadhani kasema hivyo, muuza ndizi kasema hivyo. Naam, lakini kiti chao kipo kwangu. Kiti kina ruhusa ya kwenda nyumbani kwake.

Nimempa Nadine kile kiti cha kijani. Nimemrudishia katoni zangu zote, hata zile ambazo sijawahi kumwonyesha mtu. Nikamwambia akivue chote, akishone upya, peke yake, mimi siingizi sindano. Akauliza kitambaa gani. Nikasema kile cha kahawia nilichoweka kwa ajili ya nyumba yangu mwenyewe.

Ameshona mpaka magharibi. Alikuwa bado amenikasirikia, niliona kwa alivyouvuta uzi. Lakini mshono haukuwa na hasira hata mahali pamoja. Chini ya kiti, pale pasipotazamwa na mtu, amefunga vizuri kuliko juu.

Alhamisi, 24 Julai

Yule dereva wangu alikuwa na mafuta kidogo. Amekubali kunipeleka, ila mlima wa Kinanira ameukataa. Akanishusha chini, akaomba radhi, akageuza gari.

Nimekibeba kiti kichwani. Jua lile. Watu wananipita wanageuka kutazama: mwanamke mzima mwenye mtandio, na kiti juu ya kichwa, anapanda peke yake. Nilipochoka nilikishusha pembeni ya barabara nikakikalia. Mlinzi mmoja wa geti kaniuliza kama ninauza. Nikamwambia huyu hauzwi. Sijui kwa nini nilisema huyu.

Gorette kafungua mwenyewe. Hakuonyesha kushangaa, na hilo limenipa wasiwasi. Kanipa maji, kisha chai. Nilikuwa nimepanga hotuba. Yote imepotea. Nikasema: mama, kiti chako hakikuwa na kitu, na mimi nilijua. Na yule mtoto hana kitu, na hilo pia nilijua. Nilidhani unatoka hotelini, unataka kumchukua. Nilisema uongo ili nisibaki peke yangu. Hiki kakishona yeye, sikukigusa.

Akakipindua kiti, miguu juu. Akapitisha kidole chini kabisa, kwenye ile mishono iliyofichwa, polepole, upande hadi upande. Kisha akakisimamisha.

"Asante kwa kiti, mama," akasema.

Basi. Akanisindikiza getini. Nimeshuka mlima ule nikijiuliza asante ile ilikuwa ya namna gani. Asante ya kuja tena, au ya kwaheri? Watu wa Kinanira wana uso wa ukuta.

Jumatano, 30 Julai

Hakuna kitu. Nadine anashona, mimi nashona. Viti vya Kibenga vimebaki vichache. Thierry hakuwepo tulipopeleka, amepokea mwingine. Wamemficha, nadhani.

Mzee Ramadhani anasema tungoje. Nimemwambia kungoja ni kazi ya watu ambao hawakusema uongo. Tumerudi kuongea, angalau. Ameniambia habari za kiuno chake.

Ijumaa, 1 Agosti

Amekuja mjumbe, mwanamume mwenye koti, mchana peupe. Kauliza kama nyumba ya Mama Mwajuma inaweza kupokea wageni. Wenyewe wanaiita gufata irembo, kuja kushika lango la nyumba ya binti kabla ya posa yenyewe.

Nimemuuliza mara nyingi kama hajakosea nyumba. Kasema hajakosea. Nimemuuliza Gorette alisema nini. Kasema yeye katumwa na neno hilo tu.

Nadine kaangusha mkasi tena. Safari hii nilijua sababu.

Sijatulia. Labda wanakuja kunifedhehesha mbele ya watu. Mtu akitaka kukufedhehesha vizuri lazima kwanza umkaribishe.

Jumamosi, 9 Agosti

Wameondoka. Miguu inauma, viti vimejaa uani, vya watu na vya hoteli.

Nimewapa Fanta, maji ya matunda, sambusa na pilau. Pombe hapana, nyumba hii ina swala. Mjomba mmoja wa upande wao aliitazama chupa yake ya Fanta kama mtu aliyepewa habari mbaya, lakini ameinywa, na baadaye kaomba nyingine. Mzee Ramadhani alikuwa msemaji wetu, na kofia mpya. Mimi wamenikalisha mahali pa mama. Wakati wote nilimtazama Gorette. Alikuwa anakula sambusa taratibu, haonyeshi kitu.

Kisha msemaji wao akasimama, mtu mnene mwenye sauti nzuri. Akasalimu. Akasifu mji, akasifu avenyu, akasifu pilau. Halafu akakunjua mikono.

"Sisi tumechunguza huyu binti. Tumeambiwa ni muvivu. Mukono wake mubaya. Asubuhi anaamshwaka na maji. Anakula ya watu wawili, analala muchana, na ukimwambia anajibu!"

Nilitamani ardhi ifunguke, pamoja na viti vya hoteli vyote. Neno kwa neno. Mwanamke yule hakusahau hata la maji.

"Tumeuliza barabara muzima. Wote walisema muzuri. Mutu mumoja tu ndiye alisema vile. Tukasema, huyu mumoja ni nani? Wakasema, ni mama yake. Tukaogopa sana! Halafu huyu mama akapanda mulima wa Kinanira na kiti kwa kichwa." Akanigeukia. "Sasa tunaomba. Mutupe huyu muvivu wenu, vile vile alivyo."

Uani wote ukalipuka. Muuza ndizi alipiga vigelegele mpaka akakohoa. Yule mjomba wa Fanta alicheka akifuta macho. Mimi nilijifunika uso na mtandio, na chini ya mtandio sikuwa nacheka.

Mzee Ramadhani akasimama na kiuno chake chote. Akasema wavivu nyumba hii haina, wameisha, kabaki mshonaji mmoja. Na mshonaji huyo haachi sindano kwa sababu ya kuolewa. Ataamkia kwake, atashona hapa, au asiende. Hilo nilimwagiza mimi. Nilikuwa tayari kuliharibu jambo lote kwa ajili ya hilo, mbele ya watu wote wale.

Wakanong'onezana. Nikamwona Gorette ameinama akamwambia mnene neno moja. Mnene akasema wamekubali, na kwamba shangazi anaongeza sharti lake: mimi nisiulizwe tena juu ya tabia ya mtu yeyote.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefungua mapema. Nimefuta cherehani. Vumbi ni lile lile.

Gorette alifika nikiwa bado nafagia. Safari hii hakuleta kiti. Nilichungulia hadi nje kuhakikisha. Alikuwa na mwanamke kijana, mke wa marehemu mdogo wake, jina lake Diane. Huyu naye wakwe wengine wamemtoa nyumbani. Gorette kasema huyu amesikia habari zangu, anaomba kusimama hapa atazame. Nilimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Nilijiuliza ametumwa kupeleleza nini. Alikuwa anaitazama cherehani tu.

Nikampa koleo, nikamwonyesha viti vya basi vya kung'oa misumari. Nadine kamsogezea benchi akamfundisha kushika, kidole gumba chini, kama nilivyomfundisha yeye. Wamefanya kazi hadi mchana bila maneno mengi. Mzee Ramadhani kapata gari moja la kupaka, kwa hiyo leo kuna harufu ya rangi.

Jioni, tukifunga, Nadine hakuniita patroni. Ameniita mama. Nimemuuliza anataka nini.

Amesema hataki kitu.

Nimemtazama usoni kwa muda mrefu. Kweli, alikuwa hataki kitu. Tumefunga mlango, tumeenda nyumbani.